Mbingu za Wachimba Shaba

Likasi husifiwa kwa vilivyo chini ya ardhi. Shaba na kobalti, na urani ya Shinkolobwe iliyo karibu yake upande wa magharibi, ndivyo vilivyouingiza mji huu katika vitabu vya historia. Hata jina ulilolibeba hadi 1966, Jadotville, lilikuwa la Jean Jadot, bwana mkubwa wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Lakini watu walioletwa kuchimba madini hayo walitoka katika nchi ambazo wazee wake waliujua usiku kwa undani, na ujuzi huo ulizaa baadhi ya kazi bora kabisa za sanaa ya Katanga. Haustahili kuachwa pembeni kila historia ya eneo hili inapoandikwa.

Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Kambi za wafanyakazi zilikusanya Wasanga wenyeji, Waluba wa Lomami na wa Kasai, pamoja na watu wa upande wa Ziwa Tanganyika, wote wakisikilizana kwa Kiswahili. Kila mmoja alikuja na masimulizi ya kwao.

Kisa kikuu cha Waluba ni cha Nkongolo Mwamba na Mbidi Kiluwe. Nkongolo ni mfalme mwekundu wa ngozi, mlevi na mkatili, anayekula na kunywa mbele za watu bila haya. Yeye ndiye upinde wa mvua, joka ambalo moto wake huikausha mvua isinyeshe. Mbidi ni mwindaji kutoka mashariki, mweusi wa kung'aa, na hakubali mtu yeyote amwone akila. Kwa Bulanda, dada yake Nkongolo, anamzaa Kalala Ilunga, shujaa ambaye baadaye anamshinda mjomba wake na kuanzisha ufalme mpya. Mbelgiji Luc de Heusch alikichambua kisa hiki mwaka 1972 katika kitabu chake Le Roi ivre, akaonyesha kwamba vita vya wafalme hao ni vita vya mbinguni pia: kiangazi upande huu, mvua upande ule.

Weusi wa Mbidi ndio kiini cha yote. Ni weusi wa zile siku mbili tatu ambazo mwezi haujulikani uliko. Kwa Waluba giza hilo ni maficho ya mamlaka, na mfalme asiye na siri hana ufalme. Mwezi ulipoandama, wafalme na waganga walifanya ibada zao, na mpemba, udongo mweupe unaopakwa mwilini, ulihusishwa na nuru ya mwezi huo. Msomaji wa pwani, anayeutafuta mwezi angani ili aanze kufunga Ramadhani, hatashangaa kwamba siku moja ya mwezi mchanga ingeweza kubeba uzito wote huo.

Chama cha Mbudye kilikuwa na kazi ya kuhifadhi habari za Mbidi na wafalme waliomfuata. Chombo chao ni lukasa, kibao cha mti kilichopambwa kwa shanga na kauri. Msomaji hukishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia hugusa shanga moja baada ya nyingine huku akisimulia. Wana-Mbudye walivaa pia kilemba cha shanga kiitwacho nkaka, vazi linalojulikana vilevile kwa waganga wa Watabwa.

Watabwa, majirani wa Waluba kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, ndio waliouchora mwezi kwa uwazi zaidi. Pambo lao, balamwezi, ni safu ya pembetatu zinazowakilisha kuchomoza kwa mwezi mpya. Walilichanja mwilini, wakalisuka kwenye mikeka, wakalichonga kwenye vigoda na kulitunga kwa shanga. Mmarekani Allen F. Roberts, aliyeishi nao katika miaka ya 1970, alitoa pamoja na Evan Maurer kitabu kizima juu ya sanaa hiyo mwaka 1985. Humo mtu anajifunza jambo la ajabu na la kupendeza: mstari unaougawa mwili katikati, kilele cha milima kinachotenganisha mito, na ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu usiku wa giza, vyote ni mulalambo. Mchongaji aliyeuchora mstari huo tumboni mwa sanamu aliichora nchi na anga kwa pigo moja.

Likasi yenyewe ilimtoa mtu wa kuyatafakari haya. Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa na mwandishi wa riwaya, alizaliwa mjini humo mwaka 1941, na katika Parables and Fables, kitabu cha 1991, alizisoma ngano za Waluba kwa makini yale yale aliyoyapa maandishi ya Ulaya.

Vitu vyenyewe viko mbali zaidi. Desemba 1884, watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms walimuua mtemi wa Kitabwa Lusinga, na Storms akachukua sanamu yake ya ukoo pamoja na fuvu lake. Sanamu hiyo, mwili wake ukiwa umejaa chale za Kitabwa, imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwana wa Likasi anayetaka kuiona ana kwa ana huanza kwa kuomba viza.