Deheni ya Lamu na sumu iliyoua chaza

Mwaka 2026 inatimia miaka 25 tangu Mji Mkongwe wa Lamu uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka huohuo wa 2001, jijini London, mataifa yalipitisha mkataba wa kupiga marufuku rangi za meli zenye sumu ya bati. Kwa wenye mashua za mashindano, matukio hayo mawili yanakutana kwenye swali moja: chombo kipakwe nini chini ili kiende mbio?

Jibu la mabaharia wetu wa Lamu lilikuwa deheni, yaani shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa. Chombo hupandishwa mchangani maji ya bamvu, hukwanguliwa, huchomwa kwa moto wa makuti kuua wadudu watoboao mbao, kisha hupakwa. Mbao za juu hupata sifa, mafuta ya papa. Msafiri Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliyasifu mafuta hayo kuwa bora kuliko samli na mbarika kwa vyombo vya kushonwa. Waingereza nao walijaribu mabamba ya shaba kwenye manowari HMS Alarm mwaka 1761.

Kisha ikaja rangi yenye TBT, ile sumu ya bati. Rangi hii iliwapendeza sana wenye mashua za starehe na za mashindano. Aina yake iliyoenea miaka ya 1970 iliyeyuka polepole kadiri chombo kilivyokwenda, tumbo likabaki laini na safi, bila kiumbe kuganda. Nani angeikataa?

Waliikataa wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 vifaranga vya chaza vilikufa kwa wingi, na waliokua walikuwa na magamba manene yaliyopinda, wasiouzika. Palizuka ubishi mkali kuhusu chanzo. Wanasayansi, akiwemo Claude Alzieu, walionyesha kuwa sumu ilitoka kwenye matumbo ya mashua zilizotia nanga humo humo ghubani. Januari 1982 Ufaransa ikaizuia rangi hiyo kwa vyombo vilivyo chini ya mita 25, na chaza wakaanza kuzaa tena. Uingereza, ambako konokono majike wa baharini waliota viungo vya kiume, ilifuata mwaka 1987. Mkataba wa London ulianza kutumika mwaka 2008.

Dunia ilihitaji ghuba nzima iharibike ndipo ijifunze. Sisi tulikuwa na deheni isiyo na bati wala shaba, na leo tunaitazama kama kitu cha wasiomudu rangi ya dukani. Hilo ni kosa. Kweli, deheni hudai kupakwa upya mara kwa mara, lakini mashua ya mashindano hupandishwa na kusafishwa kabla ya kushindana hata hivyo.

Waandaaji wa mashindano ya mashua ya Maulidi ya Lamu, tengeni zawadi ya chombo chenye kasi zaidi kilichopakwa deheni, na mafundi wazee wawe waamuzi wake.