Majina ya Mitaa ya Arusha na Historia Yake

Mji wa Arusha umekaa chini ya Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,562, mahali ambapo vijito vingi hushuka kutoka msituni. Aghalabu watu huilinganisha mitaa yake kwa ukubwa wa nyumba na unyofu wa barabara. Ulinganisho huo una haki yake, lakini hauelezi kwa nini mtaa mmoja ulipata nafasi na mwingine ukasongamana. Jambo hilo hudhihirika zaidi yakitazamwa majina, kwa kuwa kila jina lina aliyelitoa, wala si kila mkaaji aliyeulizwa.

Kabla ya mji walikuwako Wameru, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichaga, na Waarusha, wakulima wasemao lugha ya Kimaasai, waliotoka Arusha Chini katika miaka ya 1830. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri katika nchi ya Meru. Wajerumani wakaja kuadhibu, na adhabu yao ilikuwa kali. Boma lao lilimalizika mwaka 1900, na mji ukakua kulizunguka.

Bonde la Mto Naura ndilo lililokuwa mpaka. Mashariki yake zilikuwako ofisi za serikali na nyumba zenye bustani. Magharibi yakawako maduka, soko na makazi ya watu wengi. Sehemu ya mashariki iliitwa Uzunguni. Neno hili lastahili kuangaliwa. Kiambishi -ni cha mahali kimeungwa na Uzungu, kama ilivyo katika Uhindini na Uswahilini. Hapana shaka halikutungwa na waliokaa humo, maana Mzungu hakuwa na haja ya kumwambia mwenzake kwamba hapo ni kwa Wazungu. Ni jina la mtu atazamaye kutoka nje: mpishi, mtunza bustani, tarishi, aliyeingia asubuhi na kutoka jioni.

Magharibi na pembeni mwa mji majina mengi ni ya Kimaasai, nayo hutaja maji na miti. Ngarenaro ni maji meusi. Elerai ni mgunga wa gome la manjano, upendao mahali penye maji. Olorien ni mzeituni wa porini. Majina haya hayasemi mtu gani akae wapi. Yalitolewa na watu waliohitaji kujua wapi pa kunyweshea na wapi pa kulima, nayo yakabaki hata mashamba yalipokatwa viwanja.

Jamii ya tatu ni majina ya kazi na safari. Reli kutoka Moshi ilifika mwaka 1929, na vibarua wakaongezeka. Kusini uko mtaa wa Unga Limited, ambao jina lake ni la kampuni ya kusaga nafaka; wenyeji wamelichukua kama lilivyo hata likawa Kiswahili. Jina la Kaloleni lasikika pia Moshi, Nairobi na katika nchi ya Wagiriama, na udugu huo wadokeza njia walizopita watu. Upande huo wa Kaloleni ndiko liliko jumba la ustawi wa jamii ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967, kabla ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha tarehe 5 Februari.

Nje ya mji, njia ya Moshi, iko Tengeru, kando ya Ziwa Duluti lililojaa katika shimo la volkano ya kale. Tangu mwaka 1942 yalikuwako makazi ya Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Urusi, kisha wakapitia Uajemi. Walikuwa na nyumba za mviringo, shule, kanisa na hospitali. Vita vilipokwisha wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Yaliyosalia ya mtaa ule mkubwa ni makaburi. Walipewa hifadhi, hawakupewa ardhi.

Kaskazini ya mlima ilitokea kinyume chake. Ngarenanyuki, yaani maji mekundu, ilikaliwa na Wameru wapatao 3,000, ambao serikali iliwafukuza mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyapeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Amri ile iliondoa watu na kuchoma nyumba, jina haikuliondoa.

Uzunguni nayo haikupoteza jina baada ya uhuru wa mwaka 1961, lakini maana yake iligeuka. Zamani neno lilitaja rangi ya mkaaji. Siku hizi hutaja mali yake. Yamkini ndivyo mpaka wa Naura unavyoendelea kuishi: si tena katika sheria, bali katika ulimi.