Safari ya Mlima wa Kenya

Msomaji, ukijaliwa kulala usiku mmoja Naro Moru, jitahidi uamke kabla ya jua kuchomoza. Toka nje, utazame upande wa mashariki. Kama mbingu ni safi, utauona mlima umesimama mweusi mbele ya mapambazuko, vilele vyake vimechongoka kama meno. Mwanga ukizidi utaanza kuona na mikunjo ya barafu iliyosalia. Tazama upesi. Jua likipanda kidogo, ukungu hutoka msituni na kufumba kila kitu, na mgeni afikaye saa nne ya asubuhi huulizwa ameuonaje mlima naye hana la kujibu. Wako watu waliokaa siku tatu chini yake wakarudi kwao bila kuuona.

Mawingu hayo yalisababisha ubishi mkubwa katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1849 Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri mpaka Ukambani, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyi biashara mashuhuri wa Kitui. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu yake, mbali upande wa kaskazini na magharibi. Krapf alingoja. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, akaona vilele viwili kama pembe, na weupe. Ndiye Krapf yuleyule aliyeandika kamusi ya Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1882 yeye akiwa amekwisha fariki. Jina la mlima aliliandika kama alivyolisikia vinywani mwa Wakamba, na jina hilo baadaye likawa jina la nchi yetu nzima.

Habari zilipofika Uingereza hazikupokewa vema. Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848 na kusema una theluji. Sasa huyu naye anadai theluji chini ya jua la ikweta! Mtaalamu mmoja wa jiografia, Desborough Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga bara hii, aliketi London akathibitisha kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima kutoka upande wa Laikipia, na hapo wabishi wakanyamaza. Ilikuwa imepita miaka thelathini na minne. Ikumbukwe kwamba muda huo wote Wakikuyu, Waembu, Wameru na Wakamba hawakuwa na ubishi wowote. Kwa Wakikuyu, Kirinyaga ni kiti cha Ngai, na wazee waliomba wakiuelekezea uso. Ajabu si kwamba mlima haukujulikana, bali kwamba waliokuwa wakiujua hawakuhesabiwa kuwa mashahidi.

Sasa twende. Njia za kuupanda ni kadhaa, lakini zitumiwazo zaidi ni tatu: ya Naro Moru upande wa magharibi, ya Sirimon upande wa kaskazini, na ya Chogoria upande wa mashariki. Tushike ya Naro Moru, kwa kuwa ndiyo fupi. Mashamba huishia mara moja, na msitu huanza. Kwanza ni miti mikubwa, mierezi na mizeituni ya mwitu, kisha mianzi iliyosongamana hata mchana ukawa kama jioni. Humu wamo tembo na nyati, na mtu mwenye busara huongea kwa sauti apitapo, ili mnyama asishtuke. Mbega hurukaruka juu ya miti wakiburura mikia yao myeupe. Chui yumo, lakini utaona nyayo tu. Yumo na bongo, paa mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye amekuwa adimu mno, na wengi waliozeekea kandokando ya msitu hawajapata kumwona.

Barabara ya magari huishia kwenye kituo cha hali ya hewa, kiasi cha mita 3,050 juu ya bahari. Kutoka hapo ni miguu. Msitu huisha, na huja mteremko wa matope na mafungu ya nyasi ambao wapandaji wote huukumbuka kwa uchungu; hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Juu yake limetandaa Bonde la Teleki. Humo mimea ni kama ya ndoto. Lobelia, ambayo kwingine ni ua dogo la bustani, huku husimama kama nguzo kupita kimo cha mtu, na usiku huyafumba majani yake ili baridi isiue chipukizi. Ndege aina ya chozi, kijani ing'aayo, hunyonya maua yake. Pimbi wanene huota jua juu ya mawe na kuiba mkate wa wageni. Nadhani hakuna wanyama wenye ujasiri kuwazidi hao katika mlima wote.

Bonde hili lilipewa jina la Samuel Teleki, mtukufu wa Hungaria aliyepanda mpaka huku mwaka 1887. Mwaka 1893 J. W. Gregory aliufikia mto wa barafu ambao aliuita Lewis. Lakini kilele hakikukanyagwa mpaka 1899. Mwaka huo reli ilifika Nairobi, na Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, aliipanda, kisha akashika njia kwa miguu. Msafara wake ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili sitini na sita, Wakikuyu tisini na sita, na viongozi wawili wa Kimasai. Ulikuwa mwaka wa njaa kubwa katika Ukikuyu, chakula hakikupatikana, na ilibidi watu watumwe mpaka Naivasha kutafuta. Tarehe 13 Septemba saa sita ya mchana, Mackinder pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi wa milima kutoka Italia, walisimama juu ya kilele cha juu kabisa. Vitabu vingi huwataja hao watatu tu. Wapagazi waliobeba mizigo kichwani wakati wa njaa majina yao hayasomwi popote.

Mackinder alivipa vilele majina ya Kimasai: Batian, kwa kumkumbuka Mbatian, laibon mkuu, wenye mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Lenana, mita 4,985, kwa jina la mwana wa Mbatian. Batian na Nelion hupandwa kwa kamba na watu waliofundishwa kazi hiyo tu. Baada ya Mackinder ilipita miaka thelathini kabla ya mtu mwingine kufika Batian, ndio Eric Shipton na Wyn-Harris, mwaka 1929. Lenana mtu yeyote mwenye mapafu mazuri na subira aweza kuupanda, na wanafunzi wengi wa Kenya wameupanda.

Maziwa ya mlimani ni mengi, na yote ni madogo. Zamani za kale barafu ilishuka mpaka chini sana kuliko leo. Ilipokuwa ikisogea ilichimba mashimo katika mwamba na kusukuma mawe mbele yake kama mtu afagiaye uwanja. Ilipoyeyuka, maji yakakaa ndani ya mashimo hayo. Upande wa Chogoria ndio wenye mandhari nzuri kupita zote. Ukisimama kando ya vijiziwa vya Hall, nenda polepole mpaka ukingoni: mbele yako ardhi hukatika ghafula, na chini kabisa, katikati ya kuta za mwamba, utaona Ziwa Michaelson limetulia kama kipande cha kioo. Asiyeweza kutembea sana aweza kuridhika na Ziwa Ellis, lililo karibu na mwisho wa njia ya magari.

Kati ya visa vyote vya mlima huu, kimoja hakina kifani. Wakati wa vita vya pili vya dunia kulikuwa na kambi ya mateka Waitalia huko Nanyuki. Asubuhi moja mateka Felice Benuzzi aliuona mlima ukitokeza mawinguni, na tangu siku hiyo hakuweza kuutoa moyoni. Pamoja na Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti, walijitengenezea kwa siri vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, kwa mabati na mabaki ya magari. Nyundo wakazigeuza kuwa sururu za barafu. Walijinyima chakula ili wapate akiba. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa juu ya kopo la nyama. Tarehe 24 Januari 1943 walitoroka, wakapita usiku katikati ya msitu wa tembo bila bunduki. Barsotti aliugua, akabaki chini. Wenzake walijaribu Batian, dhoruba ikawarudisha. Lakini Lenana waliupanda, wakasimika bendera yao. Kisha wakafanya jambo lililowashangaza walinzi wao: walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe, baada ya siku kumi na nane, wakiwa karibu kufa kwa njaa. Walihukumiwa kufungwa siku ishirini na nane. Mkuu wa kambi, aliyependezwa na ushujaa wao, aliwatoa baada ya siku saba.

Mwaka 1949 sehemu ya juu ya mlima, kiasi cha kilomita za mraba 715, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Msitu uliouzunguka ulikuwa umekwisha kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Serikali ilisema kwamba mlima umehifadhiwa kwa faida ya watu wote, lakini neno hilo halikuingia masikioni mwa waliokatazwa kuchunga na kutafuta kuni mahali walipozikwa babu zao. Haikupita miaka mitatu, hali ya hatari ikatangazwa, Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni, na wale wa Mlima wa Kenya waliongozwa na Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Ndege zilidondosha mabomu katika msitu huohuo uliohifadhiwa. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu na kulijaza miti iliyochongwa ncha, ili chakula kisipite.

Siku ya uhuru, Desemba 1963, kijana Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya Lenana, mahali palepale ambapo Benuzzi aliwahi kusimika yake. Tazama pia nembo ya taifa: mlima huu umo, chini ya miguu ya simba.

Kuhusu nyumba za wageni sitasema mengi. Karibu na Nanyuki iko Mount Kenya Safari Club, ambayo mcheza sinema William Holden wa Marekani na rafiki zake waliinunua mwaka 1959. Mstari wa ikweta hupita uwanjani mwake. Kwangu mimi, nyumba yenye historia zaidi ni kibanda cha mabati na mbao kiitwacho Austrian Hut, karibu na barafu ya Lewis. Mwaka 1970 daktari kijana wa Austria alianguka kule Batian akavunjika mguu. Ilichukua zaidi ya wiki nzima kumteremsha, na rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alianguka na kufa. Mgonjwa alipona, na kibanda hicho kilijengwa kwa fedha za Austria, kuwa shukrani.

Lakini barafu iliyo mbele ya kibanda inakwisha. Wakati wa Mackinder palikuwa na mito ya barafu kiasi cha kumi na minane. Mingi haipo tena. Barafu ya Lewis ilipimwa mwaka 1934 na tena 2010, ikaonekana imepoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Watu hudhani kwamba mito yetu itakauka kwa sababu hiyo. Sivyo hasa. Maji ya Tana na ya Ewaso Ng'iro hutoka zaidi katika mvua inayoshikwa na msitu kuliko katika barafu. Kwa hiyo habari iliyokuwa ya kutisha zaidi ni ile ya 1999, ndege ilipozungushwa juu ya mlima ikakuta miti imekatwa ovyo, tanuri za makaa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Mwaka uliofuata ulinzi wa msitu ulitiwa mkononi mwa idara ya wanyama, na uharibifu ukapungua.

Turudi kwa njia ya Sirimon, tuteremke mpaka barabara kuu ya Nanyuki na Meru, palipo na mashamba ya ngano. Kwa miaka mingi tembo walitaka kupita hapa kwenda Ngare Ndare na Lewa, nao walikuta nyua, mazao na magari. Basi pakajengwa njia chini ya barabara, pana kiasi cha kuwatosha, na mapema mwaka 2011 dume mmoja akaipita, wengine wakafuata. Ukiwa ndani ya basi hutaiona isipokuwa ukae dirishani ukijua mahali pa kutazama: magari hupita juu, na chini yake mavumbi yamejaa nyayo kubwa za mviringo.