Mamba wa Wayunani na Watoto wa Siwindhe

Miongoni mwa mafumbo ambayo Wayunani wa kale waliyapenda mno, na ambayo wanafunzi wa falsafa huyasoma hata leo kwa kukunja nyuso, limo moja la mamba. Nalo, kwa itikadi yangu, lingepata wasikizaji wema zaidi Kombewa, kule Seme nchini Kenya, kuliko Athens, kwa kuwa watu wa Seme, wakaao kando ya ziwa, wamemjua mnyama huyo tangu zama za mababu, hali Wayunani walipata sifa zake kwa habari za mto Nile, ambao sehemu ya maji yake hutoka katika ziwa hili hili la Victoria, waliitalo Wajaluo Nam Lolwe.

Yasemwa kwamba mamba alimpokonya mtu mtoto wake, akaahidi kumrudisha endapo mzazi angebashiri sawasawa atakalolitenda, mzazi akajibu, "Hutamrudisha." Basi mamba amekwisha kunaswa: akimrudisha, ubashiri umekuwa uongo, na ahadi haimfungi tena, akimla, ubashiri umekuwa kweli, na ahadi yamtaka amrudishe! Mwandishi Lucian, wa karne ya 2, alilitia fumbo la mamba huyu kinywani mwa Chrysippus, mwalimu mkuu wa falsafa ya Stoa, ambaye Diogenes Laertius, mwandishi wa maisha ya wanafalsafa, ataja kuwa, kwa kauli ya baadhi ya watu, alikufa kwa kicheko, baada ya kumwona punda akila tini zake na kuamrisha apewe na mvinyo wa kuteremshia. Mimi nampenda mwanafalsafa huyu, kwani hekima isiyojua kucheka ina upungufu mkubwa.

Wajaluo wa zamani walilijua hilo. Katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim, watoto walikusanyika baada ya chakula cha usiku, wakafunzwa nasaba, adabu na mambo ya ndoa kwa njia ya vitendawili na hekaya, ambamo Apuoyo, sungura mwenye kiwiliwili kidogo, aliwashinda fisi na tembo kwa ulimi tu. Hiyo ilikuwa madrasa kamili, na kicheko kilikuwa sehemu ya somo.

Hata kobe yumo katika mizani hii ya Wayunani na watu wa kwetu. Hoja ya Zeno wa Elea, ambayo wapokezi wake waliivika umbo la Achilles na kobe, yadai kwamba mwenye mbio hamfikii kamwe aliyetangulia, kwani kila afikapo alipokuwa mwenziwe, mwenziwe amekwisha kusogea, bali katika masimulizi ya pande nyingi za Afrika kobe hushinda kwa kuwapanga jamaa zake njiani, kila mmoja akiitika, "Nipo!" Zeno alihitaji masafa yanayogawanyika bila ukomo, kobe wetu alihitaji ukoo, na mimi naona hila yake ni bora, maana yatendeka.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na shule ya Maseno, jirani ya Seme, ilipofunguliwa mwaka 1906, watoto wengi walianza kulala mabwenini, na pim akapungukiwa na wasikizaji. Kwa hiyo namshukuru kwa dhati mwandishi Asenath Bole Odaga, aliyezikusanya hadithi hizo na mwaka 1980 akakiita kitabu chake Thu Tinda!, ndilo neno la kufungia hadithi, ambalo msimulizi huliambatanisha na dua kwamba naye arefuke kama mti wa kwa mjomba wake.