Vijana Watatu wa Fourah Bay

Wakati wa jubili watu huhesabu makanisa na shule zilizojengwa. Yafaa pia kuwakumbuka vijana waliosomeshwa kwa mali ya wengine, maana kazi yao hudumu hata kuta zikibomoka. Hizi ni habari za vijana watatu wa Sierra Leone, katika Afrika ya Magharibi.

Zamani hizo askari wa Kiingereza waliopelekwa pwani ile walikufa kwa wingi kwa homa, na matabibu wao pia. Basi mwaka wa 1855 Wizara ya Vita ya Uingereza ilikubali kuwalipia vijana wa Kiafrika wakafundishwe utabibu Ulaya. Wakachaguliwa watatu katika chuo cha Fourah Bay, kilichoanzishwa na chama cha C.M.S. mwaka wa 1827: James Horton, William Davies na Samuel Campbell. Horton alizaliwa mwaka wa 1835, na wazazi wake walikuwa Waigbo waliookolewa katika utumwa.

Wakavuka bahari, wakaingia King's College, London. Campbell akaugua, akarudi kwao, akafa. Davies alihitimu mwaka wa 1858. Horton akaendelea na masomo Edinburgh, akapata shahada mwaka wa 1859, akajiongezea jina la Africanus, yaani Mwafrika. Wote wawili wakawa matabibu wa jeshi katika Afrika ya Magharibi. Horton alitumika kwa muda wa miaka 20, akaandika na vitabu juu ya maradhi ya nchi za joto.

Lakini hakuridhika mlango ufunguliwe kwa watatu tu. Mwaka wa 1861 aliiandikia Wizara, akiomba vijana wengine waandaliwe kwa utabibu huko huko kwao. Matabibu wa Kizungu wa jeshi wakapinga. Shauri likaachwa, na ufadhili ule ukakoma. Waliotaka kufuata njia ile walitegemea mali ya wazazi wao. Tena mwaka wa 1902 idara ya utabibu ya Afrika ya Magharibi iliwekewa sharti kwamba daktari awe wa asili ya Ulaya, na wana wa nchi wenye shahada zile zile wakakataliwa. Horton alikwisha kufa mwaka wa 1883. Freetown ilipata chuo cha utabibu mwaka wa 1988, miaka 127 baada ya barua yake.

Ndugu walimu na Wakristo wenzetu, vijana wale hawakushindwa. Walikosa wa kuwafuata. Msaada ulio katika mkono mmoja hufungwa kwa neno moja. Basi tukimlipia mtoto karo asomee uuguzi au utabibu, siku ile ile tuulizane: nani atakayemfuata, nasi tumemwekea nini?