Magonjwa ya nyongo na kongosho

Magonjwa ya nyongo na kongosho ni maradhi yanayoshika mfuko wa nyongo, mirija inayopeleka nyongo kwenye utumbo mwembamba, na tezi ya kongosho iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Yanayojulikana zaidi ni vijiwe vya nyongo, uvimbe wa mfuko wa nyongo, kuziba kwa mrija wa nyongo, uvimbe wa kongosho na saratani ya kongosho. Kisukari nacho kinahusu kongosho, lakini ni ugonjwa wenye somo lake na hapa kinatajwa kwa ufupi tu.

Viungo hivi viwili huelezwa pamoja kwa sababu ya mahali vilipo. Ini hutengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na sehemu yake huhifadhiwa katika mfuko mdogo ulio chini ya ini, wenye uwezo wa mililita 30 hadi 50. Mtu anapokula mafuta, mfuko hujikamua na nyongo hushuka kupitia mrija mkuu, ambao hupita katika kichwa cha kongosho. Mara nyingi mrija huo hukutana na ule wa kongosho karibu na tundu la kumwagia kwenye utumbo. Kwa hiyo kijiwe kidogo kama punje ya choroko kikikwama hapo, huweza kuleta macho ya manjano, homa na uvimbe wa kongosho kwa pamoja.

Neno "nyongo" mitaani

Katika mazungumzo ya kila siku ya Dar es Salaam, "nyongo" ina maana pana kuliko ya kitabibu. Anayetapika maji machungu ya njano asubuhi husema nyongo imemzidi. Kwa kweli mtu yeyote anayetapika tumbo likiwa tupu hutoa nyongo, iwe ana malaria, ujauzito au sumu ya chakula. Mfuko wake wa nyongo unaweza kuwa mzima kabisa. Kwa upande mwingine, mwenye vijiwe halisi huambiwa ana vidonda vya tumbo na kumeza dawa za kupunguza asidi kwa miaka.

Neno jingine linaloleta mkanganyiko ni "homa ya manjano". Hilo ni jina la ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Rangi ya njano machoni, inayoitwa manjano au umanjano, si ugonjwa bali ni dalili. Huweza kutokana na homa ya ini, malaria kali, selimundu, au mrija wa nyongo ulioziba. Mtu mzima anayetumia atazanaviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya VVU, huweza kuwa na macho ya njano bila ini wala nyongo kuharibika, ingawa dawa hiyohiyo mara chache husababisha vijiwe. Asiache dawa kwa hofu. Amwone daktari wa kliniki yake.

Vijiwe vya nyongo

Vijiwe hutokea vitu vilivyoyeyuka ndani ya nyongo vinapozidi na kuganda. Aina ya kwanza ni ya lehemu. Huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa, watu wanene, wenye umri wa kuanzia miaka 40, na wale wanaopunguza uzito kwa kasi. Aina ya pili ni vijiwe vyeusi vya bilirubini, rangi itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu.

Aina hii ya pili ina uzito wa pekee nchini Tanzania kwa sababu ya selimundu. Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka nchini, idadi inayoiweka Tanzania miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa duniani. Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyoko Upanga, jirani na Kariakoo, imekuwa ikifuatilia kundi kubwa la wagonjwa hao tangu 2004. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu huvunjika mapema mno, bilirubini huwa nyingi, na hatari ya vijiwe huongezeka kadiri umri unavyosogea. Kijana wa miaka 15 aliye mwembamba anaweza kuwa navyo. Mzazi asilaumiwe kwamba alimlisha chipsi. Mafuta ya chakula siyo yaliyovitengeneza. Tatizo kubwa ni kwamba maumivu ya tumbo ya vijiwe hufanana na yale ya selimundu yenyewe, hivyo kila anapolalamika familia huona ni "yaleyale" na kumpa dawa ya maumivu nyumbani.

Watu wengi wenye vijiwe hawaumwi kamwe. Vikionekana kwa bahati katika picha iliyopigwa kwa sababu nyingine, kwa kawaida huachwa. Watoto waliochomwa sindano za seftriaksoni kwa siku kadhaa huweza kuonekana na kitu kama vijiwe, nacho huyeyuka chenyewe dawa ikiisha. Si vizuri kukimbilia upasuaji.

Kijiwe kinapoziba shingo ya mfuko, maumivu huja chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo, mara nyingi usiku baada ya mlo mzito. Hukaa kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, huenda begani au mgongoni upande wa kulia, kisha hupotea. Mtu aliyekunywa supu ya kongoro jioni na kuamka saa saba usiku akijikunja, kisha asubuhi akawa mzima, ana sababu ya kuchunguzwa nyongo, hasa hali hiyo ikijirudia. Maumivu yakipita saa sita na homa ikaanza, mfuko wenyewe umevimba, na hapo ni hospitali, si duka la dawa.

Dawa za kusafisha nyongo

Kariakoo na mitaa inayoizunguka ni mahali pakubwa pa biashara ya dawa za asili, na dawa za "kusafisha nyongo" ni miongoni mwa zinazotafutwa. Njia mojawapo iliyoenea duniani kote ni kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau. Kesho yake mgonjwa huona chooni vidonge laini vya kijani na kuamini vijiwe vimetoka. Madaktari wa New Zealand walipima vidonge vya mgonjwa wa namna hiyo, wakaeleza mwaka 2005 kwamba havikuwa vijiwe: viliyeyuka kwa joto la nyuzi 40 na kugeuka mafuta. Vilikuwa aina ya sabuni iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta na limau alivyokunywa. Vijiwe vyenyewe vilibaki palepale, vikaondolewa kwa upasuaji.

Mwandishi hapingi miti shamba kwa jumla. Ila picha ya altrasaundi kabla na baada ya dawa ndiyo shahidi, na muuzaji anayekataa ushahidi huo amejibu swali.

Tifodi na mfuko wa nyongo

Bakteria wa homa ya tumbo (tifodi) wanaweza kubaki ndani ya mfuko wa nyongo kwa miaka baada ya mgonjwa kupona, hasa wakipata vijiwe vya kujishikiza. Mtu huyo haumwi, lakini huwatoa kwa haja kubwa. Mfano maarufu ni Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907. Kwa mtaa kama Kariakoo, ambako maelfu hula kwa mama lishe na baba lishe kila mchana, hii ndiyo sababu ya wapishi kutakiwa kupima afya, na ya kunawa kwa sabuni baada ya choo. Lakini kipimo cha Widal kinachosomeka "chanya" si uthibitisho kwamba mtu ana bakteria nyongoni. Kinachohitajika ni kuotesha choo maabara, tena zaidi ya mara moja.

Uvimbe wa kongosho

Waliosoma baiolojia ya sekondari huikumbuka kongosho kwa insulini. Hiyo ni kazi ya sehemu ndogo tu ya tezi. Sehemu kubwa hutengeneza vimeng'enya vya kusaga protini, mafuta na wanga. Vimeng'enya hivyo vikianza kazi vikiwa bado ndani, tezi hujisaga yenyewe.

Uvimbe wa ghafla husababishwa hasa na vijiwe vya nyongo na pombe. Maumivu ni makali, ya juu ya tumbo, hupenya hadi mgongoni na hupungua kidogo mtu akiinama mbele. Kutapika hakuleti nafuu. Kipimo cha damu cha amilesi au lipesi kikizidi mara tatu ya kawaida huunga mkono utambuzi. Wagonjwa wengi hupona kwa maji ya mshipa, dawa za maumivu na kurudi kula taratibu, lakini wachache hupoteza figo au pumzi na kufa, kwa hiyo hakuna kuutibu nyumbani.

Uvimbe wa muda mrefu huua tezi polepole. Choo huwa cha mafuta, chenye harufu kali na kuelea. Mgonjwa hukonda, na mwishowe huweza kupata kisukari. Pombe na sigara huongoza kwa lawama, ingawa katika nchi za joto kuna aina inayowapata vijana wasiokunywa, kongosho likijaa chokaa. Hata hivyo, kisukari kingi cha Dar es Salaam si cha namna hiyo: utafiti wa Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao kuhusu wagonjwa wapya 1,250 wa miaka 1981 hadi 1987, uliochapishwa 1990, ulionyesha kwamba wengi hawakuhitaji insulini.

Saratani ya kongosho

Saratani hii si ya kawaida sana, lakini ni kati ya zinazoua zaidi, kwa sababu hukaa kimya. Inayoanzia kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo. Macho huwa ya njano siku hadi siku, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo, mwili huwasha, na mara nyingi mwanzoni hakuna maumivu wala homa. Kwa kuwa haumi, mgonjwa hungoja. Wengi huanza kwa dawa ya "homa ya manjano" kwa mwezi au miwili, na huo ndio muda ambao pengine uvimbe ungeondolewa. Mtu mzima mwenye manjano ya namna hii anahitaji picha ndani ya siku, si wiki. Kisukari kinachoibuka ghafla kwa mzee anayekonda ni alama nyingine ya kuangaliwa.

Uchunguzi na tiba

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, ambayo haina mionzi na huonyesha vijiwe vya mfukoni kwa uhakika mkubwa, ingawa vile vya ndani ya mrija huweza kuikwepa, na kongosho hufichwa na hewa ya utumbo. Mgonjwa afike hajala kwa saa sita hadi nane, maana mfuko uliojikamua hausomeki vizuri. Mkazi wa Kariakoo huweza kuanzia Hospitali ya Mnazi Mmoja au Amana, kisha akapewa rufaa ya Muhimbili kwa picha ya CT, endoskopia au upasuaji. Matibabu ya mionzi na dawa za saratani hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Manjano pamoja na homa ya kutetemeka na maumivu ya kulia huashiria usaha ndani ya mrija. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo: antibiotiki peke yake haitoshi, mrija lazima ufunguliwe. Pale saratani isipoweza kukatwa, kimrija kinachowekwa ili nyongo ishuke humwondolea mgonjwa muwasho na kumrudishia hamu ya kula.

Vijiwe vinavyouma hutibiwa kwa kuondoa mfuko wote, kwa sababu vikitolewa peke yake hurudi. Carl Langenbuch alifanya upasuaji huo mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na Erich Mühe, Mjerumani pia, akaufanya kwa matundu madogo mwaka 1985. Swali la kwanza la wagonjwa huwa ni kama mtu anaweza kuishi bila nyongo. Nyongo yenyewe haiondolewi. Ini huendelea kuitengeneza na hutiririka moja kwa moja utumboni. Wachache huharisha kwa wiki kadhaa, hasa baada ya vyakula vya mafuta mengi, kisha wengi wao hurudia chakula chao cha kawaida.