Kemia Ianzie Udongoni

Mwalimu wa kemia aanzapo somo kwa kuandika alama za elementi ubaoni, wanafunzi wengi hudhani kwamba elimu hiyo imetoka mbali wala haiwahusu. Historia yatuonyesha vingine. Mwaka 1813 Humphry Davy wa Uingereza alichapisha mihadhara yake juu ya kemia ya kilimo, na mwaka 1840 Mjerumani Justus Liebig akaeleza jinsi mimea inavyojilisha kwa madini ya udongoni. Kemia na jembe ni ndugu wa siku nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki undugu huo ulijaribiwa pia. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka kila shule ya Tanzania iwe na shamba au karakana. Rwanda nayo, katika mageuzi ya mwaka 1979, iliongeza elimu ya msingi kutoka miaka 6 hadi 8, na miaka ya mwisho ikatiliwa mkazo kilimo na kazi za mikono. Mpango huo uliachwa mwaka 1991. Kasoro iliyolalamikiwa mara nyingi ni kwamba jembe lilitengana na kitabu: mwanafunzi alilima, lakini hakuelezwa kwa nini maharage yamedumaa. Shamba likawa adhabu.

Tutazame Batsinda, kitongoji cha Kigali kilichopokea familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu mnamo mwaka 2008. Mjini nafasi ya shamba ni haba, lakini kopo la udongo halikosekani. Wekundu wa udongo ni somo la kwanza: ni chuma kilichoungana na oksijeni, kama kutu. Somo la pili ni asidi, yaani tindikali. Sehemu nyingi za nyanda za juu za Rwanda zina udongo wa namna hiyo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, na fosfati hunaswa isiufikie mmea. Chokaa huipunguza asidi hiyo. Mwanafunzi akidondoshea jiwe la chokaa maji ya ndimu, ataona mapovu ya kaboni dioksidi. Hapo amekwisha kuona mmenyuko wa kemia kwa macho yake.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi sisi walimu wa Kiswahili tunayo sehemu yetu katika kazi hii. Kutu, chokaa, jivu na mbolea ni maneno yaliyomo vinywani mwa watu. Tuyatangulize hayo, alama za ubaoni zifuate.